Barua ya Kuazima

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, naona jambo moja likitendeka katika miji yetu midogo. Vijana hupanga foleni katika duka la kompyuta, ambalo wao huliita saiba. Kijana hutaja jina lake, namba ya simu na shule aliyosoma. Karani hufungua barua ya kuomba kazi iliyokwisha andikwa zamani, akafuta jina la mwombaji wa jana, akatia la huyu wa leo, akaipiga chapa. Kijana hulipa, huitia barua katika bahasha ya kaki, akaenda zake akiamini kwamba amejitayarisha kutafuta kazi. Mimi nasema hajajitayarisha.

Yatazame maneno ya barua ile. Yadai kwamba mwombaji ni mwaminifu, ana bidii, na aweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Ni maneno mazuri, lakini yamekwisha semwa na mia waliotangulia, wakiwamo wavivu. Mwajiri ayasomaye hamwoni mtu nyuma yake. Nguo ya kuazima, walisema wazee, haisitiri maungo.

Nguo hiyo mimi mwenyewe niliivaa. Nilipomaliza chuo cha ualimu niliandikiwa barua na rafiki, nikaitia sahihi pasipo kuisoma vema. Ilidai kwamba nilikuwa hodari wa kufundisha kwaya. Shule moja ya binafsi ikaniita kwa mahojiano. Mwalimu mkuu, mtu mpole, hakuniuliza mengi; aliniongoza hadi darasani, watoto wamesimama safu kwa safu, akasema, "Mwalimu, tafadhali waimbishe." Sikujua hata nianzie sauti gani. Nilirudi nyumbani na aibu ambayo sijaisahau. Jioni ile nilijiuliza: Ni lipi nililolitenda kwa mikono yangu? Nikakumbuka kwamba katika mazoezi ya kufundisha niliwafunza watoto wa darasa la tatu kuzidisha kwa vifuniko vya chupa, na walioshindwa mwanzoni wakafaulu. Niliandika hilo, kwa maneno machache. Barua hiyo ndiyo iliyonipatia kazi yangu ya kwanza.

Wapo watakaonijibu kwamba napoteza wino, kwa kuwa kazi hupatikana kwa kujuana na kwa kitu kidogo. Sikani kwamba uovu huo upo. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 232, yataka watumishi wa umma wateuliwe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili. Na sheria ya hongo ya mwaka 2016 humtia hatiani mtoaji sawasawa na mpokeaji. Mzazi auzaye ng'ombe ili amnunulie mwanawe kazi, akidanganywa, atakwenda kushtaki wapi bila ya kujishtaki mwenyewe?

Wengine husema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye cheti kizuri na akae nyumbani, ataitwa. Cheti husema ulichojibu katika mtihani. Ulichoweza kutenda hukisema wewe, na asiyekisema hakijulikani.

Wala lawama si ya vijana peke yao. Sisi walimu tumeifundisha barua rasmi kwa ajili ya alama: anwani mbili, tarehe, mtajo, hitimisho. Mwanafunzi hupata alama zote kwa kumwandikia mwajiri asiyekuwapo habari za ustadi asio nao. Basi twashangaa nini akiendelea hivyo baada ya shule? Na waajiri wamdaio kijana wa kazi ya kwanza uzoefu wa miaka mitatu, hao wamwagiza aseme uongo.

Basi wewe usomaye, anza sasa, ungali shuleni. Nunua daftari dogo. Kila utendapo kazi ya kweli, iandike: fedha za chama ulizozitunza isipotee hata shilingi, baiskeli uliyoitengeneza, mboga ulizouza pamoja na mama siku za likizo. Andika na jina la mtu awezaye kukushuhudia, baada ya kumwomba idhini. Ukiwa na ufundi uliojifunza gereji au kwa seremala, jua kwamba Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani huwapima mafundi kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza, na kuwapa vyeti. Jifunze na haki zako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na muda wa majaribio usipite miezi sita, ila mfanyakazi akikubali uongezwe. Asiyejua hayo huajiriwa kwa maneno, akafukuzwa kwa maneno.

Sikuahidi kwamba kazi itakuja upesi. Kazi ni chache na waombaji ni wengi, na wema wengi wamengoja siku nyingi. Lakini siku mlango utakapofunguliwa, utaulizwa habari za barua yako. Iwe umeiandika wewe, ili upate jibu.