Simu ya mama hurudi saa mbili usiku

BARAZANI na Mwanaidi Shekigenda

Jirani yangu hapa Makorora, Tanga, hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda soko la Deep Sea kununua samaki. Akirudi anawakaanga, anaweka sinia lake njia panda, na haondoki mpaka kibua cha mwisho kiuzwe. Simu yake, iliyopasuka kioo pembeni, huenda naye na kurudi naye, kwa kuwa ndiyo mkoba wake wa fedha, ndiyo daftari la wadeni, na ndiyo inayompata mvuvi. Binti yake yuko darasa la tatu. Kazi ya nyumbani ya binti huyo siku hizi haiandikwi kwenye daftari. Inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ndani ya simu ambayo kutwa nzima ipo njia panda na samaki.

Nilikuwa kwao juzi mama alipoingia. Mtoto alisema shikamoo, akampokea ndoo, na kabla mama hajakaa akaomba simu. Chaji ilikuwa asilimia 12. Kwenye kundi kulikuwa na jumbe sitini na kitu ambazo hazijasomwa: pole za msiba, mchango wa rimu, mzazi anayeulizia sare, na katikati yake picha ya ukurasa wa kitabu cha Hisabati. Picha yenyewe ilikuwa imepigwa upande, kivuli cha mkono kimelala juu ya maandishi, na swali la tano limekatika chini. Mtoto akaiegemeza simu kwenye sufuria, akapiga magoti mkekani, akaanza kunakili. Kila baada ya nusu dakika kioo kilififia, akakigusa kikawaka, akaandika tarakimu mbili tatu, kikafifia tena. Alipofika swali la tatu simu ikaita. Mteja alitaka kujua kama kesho kutakuwa na jodari. Mtoto akasubiri, kalamu mkononi, mpaka bei ikaeleweka. Saa tatu na robo usingizi ulimchukua palepale, swali la nne likiwa nusu, na la tano hakuwahi kuliona.

Nimeisimulia habari hii kirefu kwa sababu kila nikisikia mazungumzo ya watoto kujifunza kupitia mtandao, anayezungumziwa ni mtoto mwenye kifaa chake, mezani pake, mchana. Mtoto huyo yupo, na Mungu amzidishie. Lakini wengi wa watoto ninaowajua mimi wanajifunzia simu ya kuazima. Wanaiazima kwa mtu mzima aliyechoka, usiku, chaji ikiwa kidogo na bando likikaribia kuisha. Anayetaka zana za mtandaoni ziwafae watoto hawa, mipango yake aianzie kwenye saa hiyo.

Wala sisemi haya kwa kuichukia teknolojia. Mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga tuna habari yetu ambayo sisi wenyewe tumeisahau mapema mno. Kuanzia mwishoni mwa 2017, vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huu vilikuwa uwanja wa majaribio wa shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 walihusika. Google ilitoa vishikwambi, na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu wakasimamia kazi vijijini. Timu tano zilizofika fainali zilikuwa zimetengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, yeye na kifaa chake, bila mwalimu kusimama mbele yake. Umeme wa kuchajia ulitoka kwenye sola zilizofungwa kijijini.

Hali ya watoto wale mwanzoni inaumiza kuisoma. Asilimia 74 walieleza kwamba hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya hao wasioweza kusoma hata neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zilitangazwa washindi wa pamoja na kugawana zawadi ya dola milioni 10 za Marekani.

Tusilikuze jambo kupita kiasi. Kupungua kwa nusu maana yake nusu nyingine walibaki vilevile, na mtoto aliyeweza kusoma neno bado ana safari ndefu mpaka afungue kitabu na kukielewa. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kishikwambi kinatosha kuchukua nafasi ya mwalimu. Lakini wale walikuwa watoto ambao mwalimu hakuwafikia kabisa, na wakajifunza. Mimi hujiuliza walikuwa na nini ambacho binti wa jirani yangu hana, akiwa mjini, mita chache kutoka kwenye mnara wa simu. Walikuwa na kifaa chao kwa saa zao. Hawakuhitaji bando, kwa sababu masomo yalikuwa tayari ndani ya kifaa. Na kifaa kilisema nao kwa lugha wanayoisikia kila siku.

Hilo la lugha nataka nilikalie kidogo. Kiswahili kinasomeka kwa silabi. Mtoto akishaishika ba, be, bi, bo, bu, akaja na ta, te, ti, to, tu, anaweza kusoma neno ambalo hakuwahi kuonyeshwa: bata, bati, tabu, tatu. Mlango ukifunguka umefunguka. Programu nzuri ya kumfundisha mdogo kusoma kwa Kiswahili inafanya kazi hiyo hiyo. Inatamka silabi, inamwekea herufi tatu nne, inamngoja. Akikosea haimgombezi, inatamka tena. Akipatia inampa nyingine ngumu kidogo. Mtoto mwenye haya darasani, asiyenyanyua mkono katikati ya wenzake sabini, hapa anakosea mara kumi bila kuchekwa na mtu, na mara ya kumi na moja anapata.

Sasa tazama tunachowapakulia sisi. Katuni ya Kiingereza inayoimba herufi ei, bii, sii. Mzazi anafurahi kwamba mwanawe wa miaka minne ameshajua alfabeti. Mtoto huyo akifika darasa la kwanza katika shule ya serikali, anakofundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, mwalimu anamwambia herufi hii ni a, naye anasema ei. Anamwambia hii ni e, naye anasema ii, ambayo kwa Kiswahili ni herufi nyingine kabisa. Walimu wa madarasa ya chini wanaijua kazi ya kulifungua fundo hilo. Kiingereza atakijifunza, na ni haki yake akijifunze vizuri. Ila mtoto anayejua kusoma lugha yake huingia kwenye ya pili akiwa na pa kushika.

Tena si kwamba vitu vyetu havipo. Ubongo Kids imetengenezwa Dar es Salaam, na tangu Januari 2014 ilipoanza kurushwa TBC1 imefundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo. Akili and Me, ya wadogo zaidi, imetoka kwenye nyumba hiyo hiyo. Shule Direct imeweka mtandaoni masomo ya sekondari kwa kufuata mtaala wetu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za watoto kwa Kiswahili ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua na kuzichapisha. Ukiwaomba wazazi kumi hapa mtaani wataje angalau viwili kati ya hivi, utashangaa jinsi wanaoweza walivyo wachache.

Na wale wa Zanzibar watakumbuka kwamba hata redio iliwahi kuifanya kazi hii. Kipindi cha Tucheze Tujifunze kiliwafikia watoto ambao hawajaanza shule kwa njia ambayo mpaka leo naiona ni ya busara kuliko video nyingi za simuni: redio inauliza, kisha inanyamaza. Katika ule ukimya watoto wanajibu, wanaruka, wanahesabu mawe. Halafu redio inaendelea. Hapo ndipo ninapopimia chombo chochote cha kumfundisha mdogo, kiwe cha mtandaoni au cha betri. Je, kinamngoja mtoto? Video haimngoji. Ikiisha, nyingine inakuja yenyewe, na baada ya nne tano aliyekuwa anaimba namba anatazama mtu mzima akifungua maboksi ya vinyago, au tangazo la kubeti. Mzazi ukiweza kuzima ule mtiririko wa kujichezesha wenyewe kwenye mipangilio ya simu, uzime leo.

Wenzetu Kenya walijaribu kwa ukubwa zaidi. Mpango wao wa kuwapelekea vifaa wanafunzi wa darasa la kwanza, ulioanza kutekelezwa 2016, ulifikisha vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma. Ni kazi kubwa, siidharau. Lakini vingi viliishia kukaa kabatini chini ya kufuli kwa hofu ya wizi, na kishikwambi kilichofungiwa ni sawa na kisichokuwapo.

Kwetu, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilikwenda kwa walimu, na mimi nauona huo kuwa uamuzi mzuri ambao haujatumiwa hata nusu yake. Kama mwalimu ana kifaa, basi si lazima kila mzazi anunue bando kukitafuta kitabu kilekile. Mwalimu mmoja akipakua mara moja pale penye mtandao, faili hilo linaweza kwenda kwa mkono, kwa kadi ya kumbukumbu, kwa Bluetooth, kutoka simu hadi simu, kama vijana wanavyopeana nyimbo na filamu. Hadithi thelathini za watoto zenye picha hazijazi simu. Programu za wale watano wa fainali ya XPRIZE zilifanywa huria baada ya shindano, yaani yeyote anayetaka anaweza kuzichukua, kuzirekebisha na kuzitumia. Zilijaribiwa kwa watoto wa Tanga, kwa Kiswahili, zikitumika bila intaneti. Nimewauliza walimu kadhaa wa hapa mjini. Waliolisikia jaribio lile walilisikia kama habari ya kupita. Maafisa elimu wetu wa mkoa na wilaya, hii ni mali iliyokulia nyumbani kwenu. Naomba mtu mmoja tu ofisini kwenu apewe kazi ya kuifuatilia.

Makampuni ya simu nayo yana la kufanya, na si kutoa msaada wa mabegi mbele ya kamera. Kurasa za vitabu vya kiada na masomo yanayofuata mtaala zifunguke bila kukata bando la mzazi.

Nilikwenda kuonana na mwalimu wa binti wa jirani yangu. Nilikuwa nimejiandaa kulalamika. Nilimkuta ana rundo la madaftari ya kusahihisha linalomfika kifuani, na kitabu kimoja cha Hisabati kinachotumiwa na watoto watano kwa pamoja. Akaniambia, kwa upole, “Mama, nikiandika maswali ubaoni, kipindi kinaisha wakiwa bado wananakili, na wa nyuma hawaoni. Ndiyo maana napiga picha.” Sikuwa na jibu. Nilimweleza tu kuhusu simu inayorudi saa mbili usiku, na kuhusu swali la tano. Akaniuliza ni wazazi wangapi wako hivyo. Tukahesabu pamoja kwenye orodha ya darasa lake, kwa kadiri alivyowajua. Tulipofika nusu ya majina akaacha kuhesabu. Kulikuwa pia na wale wenye simu ya kitochi, ambao kwenye kundi hawamo kabisa, na watoto wao huadhibiwa kwa kutofanya kazi ambayo hawakuwahi kuiona.

Hatukupata dawa ya yote. Tulikubaliana mambo matatu. Picha apige mchana, kitabu kikiwa mezani karibu na dirisha, na maswali ya wiki nzima yatumwe Ijumaa, ili mzazi awe na Jumamosi na Jumapili. Na asimwadhibu mtoto kabla ya kumuuliza kama simu ilikuwepo.

Jumamosi iliyopita nilipita kwa jirani mchana. Samaki walikuwa wachache, bahari ilikuwa imechafuka, naye alikuwa amerudi mapema. Simu ilikuwa kwenye chaja, waya umenyooshwa kutoka ukutani mpaka mkekani, na watoto watatu wamelala kifudifudi kuizunguka: binti yake, mwenzake wa nyumba ya pili, na mvulana mmoja ambaye mama yake ana kitochi. Mvulana alikuwa anasoma maswali kwa sauti, wenzake wanaandika. Akifika mwisho wa mstari ananyamaza, anawangoja.