Tuambieni Ukweli Kuhusu Hiyo Sindano

Acheni kutuambia kwamba steroidi hazifanyi kazi. Zinafanya. Kila kijana anayebeba vyuma anajua, kwa sababu amemwona jamaa wa mtaa aliyeingia jimu Januari akiwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi, na kufikia Aprili shati halifungiki. Ukimwambia huyo kijana kwamba dawa hizo ni bure, atakuona mwongo, na siku utakayotaka kumwambia habari za moyo wake hatakusikiza.

Basi tuanze na ukweli. Mwaka wa 1996, Shalender Bhasin na wenzake walichapisha utafiti katika New England Journal of Medicine. Walikuwa na wanaume 43. Baadhi walichomwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10, wengine wakachomwa sindano isiyo na dawa yoyote. Waliobeba vyuma bila dawa waliongeza karibu kilo 2 za mwili usio mafuta. Waliochomwa dawa na kukaa tu, bila mazoezi, waliongeza kilo 3 na kitu. Waliofanya yote mawili, kilo 6. Soma hapo tena: aliyekaa kitako alimshinda aliyetoka jasho. Kwa hivyo msee anayetafuta sindano si mjinga. Amepiga hesabu.

Shida ni kwamba amepewa nusu ya hesabu. Wale wanaume walikuwa chini ya macho ya madaktari, dawa ni moja, kipimo kinajulikana, na baada ya wiki 10 mambo yakaisha. Huku mtaani mtu anachanganya dawa mbili tatu, anaendelea mwaka mzima, na kilichoandikwa kwenye chupa anakiamini kwa sababu aliyemuuzia ana kifua kikubwa. Kifua si cheti cha dawa, buda.

Nusu ya pili ndiyo hii. Ukijichoma testosteroni, ubongo unaona imejaa mwilini, unaacha kutuma amri kwa korodani. Zinasinyaa na mbegu zinapungua, wakati mwingine hadi sufuri. Ukiacha dawa, zinaweza kuchukua miezi mingi kurudi, na kwa wengine hazirudi sawasawa. Kumbe unaweza kuonekana dume la mtaa na usiweze kupata mtoto. Kolesteroli nzuri inashuka, damu inakuwa nzito, presha inapanda, ukuta wa moyo unanenepa. Vidonge vingi vya aina hii vinaumiza ini. Kijana ambaye hajamaliza kurefuka, mifupa yake inaweza kufunga mapema abaki hapo alipo. Mkitumia sindano moja watu watatu, mnagawana pia virusi vya UKIMWI na hepatitisi B. Na ile huzuni inayokuja mtu akiacha dawa haionekani kwenye picha za Instagram.

Denmark wanapima hata watu wa jimu za kawaida, wasio wanamichezo wa kulipwa. Watafiti wa huko walifuatilia wanaume 1,189 walionaswa kati ya 2006 na 2018, wakawalinganisha na wanaume wengine wa umri wao. Matokeo yalitoka 2024: waliotumia dawa walikuwa wanakufa karibu mara tatu zaidi. Hilo halithibitishi kwamba kila kifo kililetwa na dawa, lakini ukiambiwa matatu yenye matairi fulani hupata ajali mara tatu, utapanda?

Serikali yetu inajua habari hizi vizuri, mradi wewe ni mkimbiaji. Mwaka wa 2016, Rio ikikaribia, sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli ilipitishwa mbio mbio, na shirika la kimataifa la WADA likatangaza kwamba Kenya bado haifuati kanuni zake. Na tuna ADAK. Asbel Kiprop alifungiwa miaka 4 kwa EPO. Mwaka wa 2025 Ruth Chepngetich, mwenye rekodi ya dunia ya marathon, alifungiwa miaka 3. Nchi nzima ilijadili. Sawa, medali ni za taifa. Lakini kijana wa Bula Pesa hana medali ya kunyang'anywa, kwa hivyo moyo wake si aibu ya taifa. Hakuna anayekuja kumpima, na hakuna anayekuja kumfundisha pia.

Mnasema ni tamaa ya kuonekana. Kwa wengine, ndiyo. Lakini njooni Isiolo mwone mwili ni nini. Mimi niliacha chuo karo iliponishinda, na mbogi yangu ina watu wenye diploma wanaoendesha boda. Kazi zinazobaki ni baunsa, soja wa geti, kontrakti ya ulinzi Ghuba, ama jeshi. Zote zinaangalia mwili kabla ya karatasi. Tangazo la KDF husema mwanaume asiwe chini ya kilo 54.55. Kijana aliyekulia kwenye ukame, mifugo ikafa nyumbani, anaogopa ile mizani kuliko anavyoogopa ugonjwa wowote.

Hapo ndipo anaingia kemisti. Nimeingia kemisti moja nikauliza dawa ya kunenepa, na sikuulizwa karatasi ya daktari. Nilionyeshwa deksamethasoni. Hiyo nayo ni steroidi, lakini si ya misuli. Ni ya kutuliza uvimbe na pumu kali. Inakujaza maji na mafuta, uso unavimba, sukari inapanda, kinga inashuka, na misuli inaliwa. Mizani itasema ndiyo, kisha mbio zitasema hapana. Ukiizoea kwa muda mrefu halafu uache ghafla, mwili unaweza kuzimia kwa kukosa homoni yake yenyewe. Kama unaitumia sasa hivi, usiiache leo kwa kusoma mimi. Nenda kwa daktari uipunguze polepole.

Na njia ya halali ipo, ila haina muuzaji. Beba vyuma mara tatu kwa wiki: kuchuchumaa, kuinua kutoka chini, kusukuma, kuvuta. Ongeza uzito kidogo kidogo, hata kama chuma chenyewe ni mkebe wa rangi uliojazwa saruji. Misuli hukua haraka kuliko kano zinazoishikilia, kwa hivyo subira si woga. Protini ya gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili inatosha. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 96 kwa siku, na lita moja ya maziwa ya ngamia ina karibu 30, yai moja 6, kikombe cha ndengu zilizopikwa kama 14. Kopo la unga la maelfu si lazima. Mwezi wa Ramadhani, sogeza mazoezi yaje baada ya futari na upunguze uzito. Na tusidanganyane kuhusu miraa: inaua hamu ya kula, inaua usingizi, na inapandisha presha. Huwezi kutafuna hadi saa tisa usiku halafu useme mwili wako "haujengeki" bila sindano.

Kwa hivyo madai yangu ni haya. Bodi ya Famasia na Sumu ije huku kaskazini ikague kemisti, na sheria ya karatasi ya daktari ifuatwe. ADAK ifundishe kwenye jimu za mtaani, si kwenye kambi za Iten pekee. Mwenye jimu aweke kipimo cha presha ukutani kabla ya kuweka kioo kingine, na kocha anayeuza dawa afukuzwe. Kaunti ifungue mlango hospitalini ambapo mtu anayetumia anaweza kupimwa damu, ini na presha bila kuhubiriwa, kwa sababu mtu anayeogopa kugombezwa hurudi kwa muuzaji wake.

Na wewe unayepost misuli ya chupa ukiandika "kazi ngumu na ugali tu", kuna dogo wa miaka 16 anakuamini. Amekula ugali miezi sita, hajafanana na wewe, na sasa anatafuta pesa ya sindano. Mwambie ukweli kabla hajaipata.