Kipimo cha saratani: Mkulima aulize kabla ya kuuza shamba

SONGEA: Kwa familia nyingi mkoani Ruvuma, gunia la mahindi ndiyo benki. Mgonjwa akipewa rufaa ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, gunia huuzwa hata kama bei ni mbaya. Likiisha, linafuata shamba.

Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni kati ya zinazosumbua zaidi Afrika Mashariki na nchi jirani ya Malawi. Dalili yake kubwa ni chakula kukwama, kwanza ugali, baadaye hata uji.

Kipimo kinachotajwa sana sasa ni PET-CT, mashine mbili ndani ya moja, iliyoanza kujaribiwa Marekani mwaka 1998. CT huonyesha umbo la viungo. PET huonyesha mahali ambapo seli zinakula sukari kwa pupa, kama saratani nyingi zifanyavyo. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo, kisha hupigwa picha.

Tatizo ni kwamba mionzi hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 110. Kwa safari ya gari ya saa 14, isingebaki hata asilimia moja. Ni bidhaa inayoharibika upesi kuliko maziwa, hivyo mashine hizi hukaa karibu na mtambo unaoitengeneza, kama ilivyo Nairobi. Si rahisi huduma hiyo kufika Songea.

Hata hivyo, PET-CT si kipimo cha kwanza. Kinachothibitisha saratani ni endoskopia, mpira wenye kamera unaopitishwa kooni, na kipande cha nyama kupimwa maabara. PET-CT hufuata, kuona kama ugonjwa umesambaa. Ukiwa umefika mbali, upasuaji mkubwa haumponyi mgonjwa, na familia huokolewa na gharama hiyo. Kuna njia nyingine za kumsaidia ameze chakula.

Nacho kina mipaka. Kifua kikuu pia hung'aa, baadhi ya saratani za tumbo hazing'ai, na mwenye kisukari lazima kwanza sukari yake ishuke.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza chochote, familia imuulize daktari: majibu ya maabara yapo? Kipimo hiki kitabadilisha matibabu? Bima italipa? Na anayekwamwa na chakula asisubiri mavuno. Kuchelewa ndiyo gharama kubwa kuliko zote.