Mefiboshethi Hakuponywa Kwanza Ndipo Akaketi



Leo twende Rwanda kidogo. Nchi ile yote haifiki nusu ya kaunti yetu ya Turkana kwa ukubwa. Lakini mwaka 2012 ilipeleka London timu ya wanaume ya voliboli ya kuketi, ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika Paralimpiki. Mwaka 2016 wanawake wao wakaenda Rio, wakafungwa. Hawakuacha. Mwaka 2021 kule Tokyo wakawafunga wenyeji wenyewe, Japani, na huo ukawa ushindi wao wa kwanza. Paris 2024 walikuwepo tena.

Kama hujawahi kuutazama mchezo huu, utafute leo jioni. Wachezaji sita kila upande, wote wameketi sakafuni. Wavu wa wanawake una kimo cha sentimita 105 tu. Mikono ndiyo inayokusogeza, na mikono hiyo hiyo ndiyo inayopiga mpira. Ukiugusa mpira huku umejiinua kutoka sakafuni, ni faulo. Mtu mwenye miguu miwili mizima akiketi pale, haimsaidii kitu. Pengine itamzuia tu.

Sasa sikia hili. Kwenye timu ile ya London alikuwepo Dominique Bizimana, aliyepigana upande wa RPF akapoteza mguu. Kwenye timu hiyo hiyo alikuwepo mwenzake aliyekuwa askari wa jeshi la serikali, jeshi ambalo RPF walipigana nalo. Yeye naye alipoteza mguu. Wangekutana vitani, huenda mmoja angemuua mwenzake. London walikuwa wanapeana pasi.

Hapo mimi nafungua 2 Samweli. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika. Yaya wake akamnyakua akakimbia naye, mtoto akaanguka, miguu yote miwili ikalemaa. Ni ulemavu wa vita, mpendwa, kama wa wengi kule Rwanda. Tena alikuwa mjukuu wa mtu aliyemwinda Daudi miaka mingi. Sura ya 9, Daudi anamtoa Lo-debari, anamrudishia mashamba ya babu yake, na anamketisha mezani pake siku zote. Soma mstari wa mwisho wa sura hiyo polepole. Anakula kwa mfalme, na bado ni kiwete wa miguu yote miwili. Daudi hakumwambia asubiri apone kwanza.

Mimi ni Mpentekoste. Naamini uponyaji, nimeuona, na nitaendelea kuwawekea watu mikono. Lakini angalia tunayoyafanya. Kila krusedi, mtu wa kiti cha magurudumu anasukumwa mbele asimame. Asiposimama, tunanong'ona kwamba imani yake ni haba. Hakuna anayemuuliza kama alikuja kuombewa jambo lingine kabisa, karo ya mtoto kwa mfano. Jumapili akirudi, anawekwa nyuma karibu na mlango asizibe njia. Kwaya hayumo, kwa sababu jukwaa lina ngazi. Kwenye wazee wa kanisa hayumo pia, na hapo hakuna hata ngazi ya kusingizia. Bizimana amewahi kuwa rais wa Kamati ya Paralimpiki ya Rwanda. Kwetu angepewa sadaka ya nauli na kurudishwa nyumbani.

Na kuna hizi video tunazosambaziana, mwanariadha wa mguu mmoja anakimbia, halafu maandishi: wewe mwenye miguu miwili una kisingizio gani? Sizipendi. Wale dada wa Rwanda hawakufanya mazoezi ili wewe upate nguvu ya kuamka Jumatatu. Walitaka kushinda seti.

Najua kuna atakayesema, "Pasta, unashusha imani za watu. Je, Matendo 3?" Naiamini Matendo 3 yote. Petro alimshika yule mtu mkono na akasimama. Lakini soma pia mistari ya mwanzo: alikuwa akibebwa kila siku na kuwekwa mlangoni pa hekalu, watu wakimpita kwenda ndani kusali. Muujiza ulikuja siku moja. Siku zile nyingine zote, alikuwa nje.

Kwa hivyo wazee wa kanisa wanakutana Alhamisi, na ajenda ya kwanza ni njia ya mteremko, mlangoni na jukwaani. Kama nyumbani kwako kuna mtoto ambaye huwa anafungiwa chumbani wageni wakija, njoo naye Jumapili, atakaa mbele na wenzake wa Sande Skuli. Na wewe mshirika unayetumia gongo au kiti, au usiyeona, niambie unataka kuhudumu idara gani. Sitakuuliza habari za miguu wala macho. Maombi ukiyataka, utayaomba wewe mwenyewe, kama mtu mwingine yeyote.

Fundi anaanza Jumamosi saa mbili asubuhi. Tafadhali msiniandikie Amina hapa chini. Njoo na karai.