Uvimbe wa Unyayo Usikatwe kwa Kubahatisha

Uvimbe mwingi unaoota kwenye unyayo si saratani: aghalabu ni kifuko cha majimaji kando ya kano, ni mafuta, au ni kinundu kwenye utando wa wayo. Ukweli huo unafariji, lakini ndio pia unaotuponza. Sarkoma ya sinovia, saratani ya tishu laini inayowapata hata vijana, huweza kukua taratibu kwa miaka, ikadhaniwa kuwa kifuko tu.

Tabibu anayeikata bila picha wala sampuli huweza kuacha mabaki na kutawanya seli zake katika njia ya kisu. Unyayo hauna nyama ya ziada. Upasuaji wa pili huenda ukaondoa kano na neva ambazo ule wa kwanza, ungalipangwa vema, ungaliziokoa.

Kwa maoni yangu, uvimbe unaokua, ulio ndani, au usiojulikana asili yake upigwe picha kwanza, kisha uchukuliwe sampuli. Na kila kinyama kilichokatwa, hata kikionekana salama, kipelekwe maabara ya patholojia, kisitupwe. Gharama ya kipimo ni nzito, lakini mguu haununuliwi. Nawe mgonjwa, ni haki yako kuyauliza majibu ya maabara.