Haya Si Kunyamaza



Leo tuambizane ukweli. Sisi kina mama wa Unguja na Pemba tunamkabidhi binti kwa somo afundwe kujisinga, kujifukiza udi na kumpokea mume. Tukiulizwa nani kamwambia habari za VVU, tunatazama chini. Eti haya!

Haya gani hiyo? Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Sisi tumewazidi wao?

Tunajifariji kuwa visiwani maambukizo hayafiki asilimia 1. Alhamdulillahi. Lakini hao wachache ni wana wa nani? Na wetu wanafundishwa na wenzao kuwa mbu anaambukiza, au kuwa aliyenawiri hana virusi.

Tuwaambie wenyewe, wa kike na wa kiume. Jihifadhini, na kabla ya kufunga ndoa mkapime nyote wawili. Aliyedhalilishwa awahishwe hospitali, kuna dawa za kinga zinazoanzwa ndani ya saa 72. Mja mzito mwenye virusi akitumia dawa vizuri, mtoto huweza kusalimika.

Masomo, na hili lifundeni. Tukinyamaza sisi, atawaambia nani?