Tuonyeshwe Mashine Ingali Boksi, Si Ikishakazwa Nati

Ndugu wanachama,

Mwezi huu tajiri wetu ataita mkutano. Ataonyesha ramani ya mashine mpya itakayowekwa katika idara ya kufunga katoni. Patakuwa na chai na maandazi, patakuwa na picha ukutani, na mwisho itapitishwa karatasi ya kutia sahihi. Halmashauri yenu yasema mapema, kabla chai haijachemka: safari hii hatutii sahihi mpaka tuijaribu mashine hiyo kwa mikono yetu ingali boksi.

Wengine watauliza, mashine ya boksi ni mashine gani? Tutaeleza. Lakini kwanza tukumbushane yaliyotupata.

KARATASI YA MAHUDHURIO

Mwaka juzi tuliitwa namna hiyo hiyo kwa ajili ya meza mpya za kufunga sabuni. Injinia alisimama akaonyesha ramani ukutani. Mistari ilikuwa mizuri, ya rangi tatu, na maneno yote ya Kiingereza. Alisema kwa dakika ishirini. Kisha akauliza, "Kuna swali?" Wajumbe wetu walitazamana. Wangeuliza nini? Mtu aliyefunga sabuni miaka kumi na mitano hajui milimita za ukutani, ajua mkono wake unafika wapi. Tulinyamaza, tukanywa chai, tukatia sahihi kwamba tulikuwapo.

Meza zilipokuja zilifika kifuani mwa akina mama walio wengi. Kitufe chekundu cha kusimamisha mkanda kiliwekwa nyuma ya nguzo, mahali ambapo mwenye kubanwa kidole hawezi kukifikia. Akina mama wakatafuta kreti za soda, wakasimama juu yake ili wafanye kazi. Mmoja wao aliteleza, akakaa nyumbani wiki tatu.

Tulipolalamika tulijibiwa nini? Ilitolewa ile karatasi ya mahudhurio. "Mlionyeshwa, mkakubali. Sahihi zenu hizi hapa." Ndugu zetu, sahihi ya kufika mkutanoni iligeuzwa kuwa sahihi ya kukubali! Ilipita miezi minne ndipo miguu ya meza ikakatwa na kitufe kikahamishwa, na kwa kazi hiyo mkanda ulisimama siku mbili nzima. Maumivu yalikuwa yetu, na hasara ikawa ya tajiri mwenyewe.

Nasi tukubali kosa letu. Wajumbe wetu walikuwa na midomo, hawakuitumia. Lakini kosa kubwa lilikuwa katika namna ya kuulizwa. Mtu akionyeshwa kitu asichoweza kukishika, tena kimekwisha kuagizwa na kulipiwa, huyo hajaulizwa neno. Ameambiwa tu.

WENZETU WA ULAYA YA KASKAZINI

Jambo tunalolidai si ndoto ya Halmashauri. Wafanyakazi wenzetu wamelifanya, na habari zake zinajulikana.

Huko Norway, tangu mwaka 1971, chama cha wafanyakazi wa chuma kilifanya kazi pamoja na mtaalamu Kristen Nygaard, mmoja wa watu wawili waliobuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula. Chama kilitaka kujua kompyuta zinazoletwa na matajiri zitafanya nini na kazi ya mtu. Mwanzo ilidhaniwa kwamba wataalamu wataandika ripoti, basi. Baadaye wakageuza shauri: matunda ya kazi hiyo yahesabiwe kwa yale ambayo chama chenyewe kitayatenda, makao makuu na viwandani. Katika juhudi hizo yalizaliwa mapatano juu ya mashine mpya, na mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na shirikisho la matajiri wakatia sahihi mapatano ya nchi nzima. Wafanyakazi wapate habari mapema, tena kwa lugha anayoielewa mtu asiye mtaalamu.

Halafu kati ya mwaka 1981 na 1985 vyama vya wachapaji wa nchi za kaskazini viliungana na wataalamu wa Sweden na Denmark, miongoni mwao Pelle Ehn na Morten Kyng, katika kazi iliyopewa jina la UTOPIA. Wakati ule kazi ya kupanga kurasa za magazeti kwa risasi ilikuwa inakufa na kompyuta zinaingia. Wachapaji hawakusema "mashine zisije." Walisema, "Mashine ije inayomtumikia fundi, isimfanye fundi kuwa mtu wa kubonyeza tu."

Sasa sikilizeni. Wataalamu wale walianza kwa ramani na maelezo marefu, na mafundi wakayatazama kama sisi tulivyoutazama ukuta. Kazi ilifunguka walipoacha makaratasi wakashika mbao na maboksi. Walitengeneza mfano wa mashine kwa ukubwa wake. Kioo cha kompyuta kilikuwa picha tu, na boksi tupu lilihesabiwa kuwa mashine ya kupiga chapa kwa leza, wakati ambapo mashine ya namna hiyo ya kukaa mezani ilikuwa bado haijawa kitu cha kawaida. Fundi alikaa mbele ya boksi akapanga ukurasa kama afanyavyo kazini: hapa nashika, hapa natazama, hapa mkono haufiki. Palipokosea palikatwa, pakahamishwa, akajaribu tena. Hasara yake ni boksi.

Tusidanganyane kwamba mambo yote yaliwanyokea. Chombo walichosaidia kukibuni kilijaribiwa katika gazeti la Aftonbladet huko Stockholm, lakini hakikuenea sokoni. Tena waandishi wa habari, ambao wana chama chao, hawakuwa ndani ya kazi ile, na swali la mpaka kati ya kazi ya mwandishi na kazi ya mchapaji likabaki na ugumu wake. Kwa hiyo twajifunza mambo mawili: boksi lafaa kuliko ramani, na wote wenye kuhusika waitwe tangu mwanzo.

KWA NINI BOKSI?

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mstari wa chaki sakafuni hufutwa kwa mguu. Boksi hukatwa kwa kisu. Lakini chuma kilichokwisha kuyeyushwa, kikasafirishwa kwa meli mpaka Mombasa, kikapandishwa Bara na kukazwa nati kwenye saruji, nani atakikata? Ndipo wewe unapoambiwa ujizoeze. Mwili wa mfanyakazi ndio unaokunjwa ufuate mashine.

Tena ramani nzuri huogopesha. Ikiwa imechorwa ikakamilika, mtu huona aibu kuigusa, hudhani wenye elimu wamekwisha kumaliza. Boksi halimtishi mtu. Hata kijana aliyeajiriwa juzi atasema, "Hii isogezwe huku," kwa sababu aona wazi kwamba ni boksi.

Na tatu, boksi humfanya mtu atende. Ukimwuliza mfanyakazi, "Je, mashine hii waipenda?" atakujibu kwa adabu kwamba ni nzuri, hasa mnyapara akiwa amesimama karibu. Lakini mwambie, "Funga katoni thelathini hapa." Mgongo wake utajibu, na mgongo haujui adabu ya mkutanoni.

MANENO YA WAPINZANI

Twayajua majibu tutakayopewa.

Watasema: "Ninyi si mainjinia." Ni kweli, wala hatutaki kupiga hesabu za mota. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Injinia ajua nguvu ya mkanda. Mama wa zamu ya usiku ajua kwamba sabuni ikiwa ya moto huteleza, na kwamba umeme ukikatika katoni hurundikana upande mmoja. Mashine njema yataka elimu zote mbili.

Watasema: "Wakati ni mali." Basi na tuhesabu. Kujaribu mfano wa mbao na maboksi ni kazi ya asubuhi mbili. Meza za mwaka juzi zilisimamisha mkanda siku mbili, juu ya miezi minne ya kazi mbovu na wiki tatu za mgonjwa.

Watasema: "Hiyo ni siri ya kampuni." Urefu wa meza si siri. Mahali pa kitufe cha kusimamisha mashine si siri. Siri ni ya nani, ikiwa sisi ndio tutakaosimama hapo saa nane kila siku?

Lakini liko neno moja linalotoka kwetu wenyewe, nalo ni zito kuliko yote. Baadhi ya wanachama wanasema, "Tukisaidia kuitengeneza mashine hiyo, tutakuwa tumejifukuza kazi kwa mikono yetu." Hofu hiyo hatuidharau. Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho mashine za kuchuma chai zilichomwa moto katika ghasia, baada ya ugomvi wa miaka mingi juu ya mashine na kazi za watu. Hatuusifu moto. Lakini mwenye akili ajiulize mambo yalifikaje hapo.

Jibu letu ni hili. Kujaribu mashine si kuikubali, wala hakufuti majadiliano juu ya nafasi za kazi. Zaidi ya hayo, boksi hufichua hesabu. Ramani ya ukutani yaweza kuficha idadi ya watu. Lakini tukichora mashine sakafuni kwa ukubwa wake tutahesabu mahali pa kusimama. Idara ile ina watu kumi na wanne. Ikiwa sakafu itaonyesha nafasi sita, tutauliza mbele ya wote: hao wanane wanakwenda wapi? Ni heri kuuliza swali hilo mashine ingali chaki kuliko kulisikia siku barua zinapogawanywa. Asiyetaka tulione boksi labda ndilo jambo asilotaka tulihesabu.

SHERIA INASEMAJE

Tusije tukaambiwa twaomba hisani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa sawa kazini na kufanya kazi katika hali inayofaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kiwanda awaarifu wafanyakazi hatari zinazotokana na teknolojia mpya, na awashirikishe katika mipango ya usalama. Tena penye wafanyakazi ishirini au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama. Na Sheria ya Kazi ya mwaka huo huo yataka chama kipewe notisi isiyopungua mwezi mmoja kabla ya watu kupunguzwa. Sheria hizo hazitaji maboksi. Lakini hatari ya teknolojia mpya utaijuaje kwa kuitazama ukutani dakika ishirini?

TUNAYODAI

1. Tuitwe kabla mashine haijaagizwa. Tuonyeshwe njia mbili au tatu za kuipanga, si moja tu. Anayekuletea ramani moja anataka jibu moja.

2. Mashine ichorwe kwa chaki sakafuni kwa ukubwa wake kamili, na mfano wake utengenezwe kwa mbao na maboksi. Maelezo yote yawe kwa Kiswahili.

3. Waitwe wote wenye kuhusika: wafungaji, warefu na wafupi, zamu ya mchana na ya usiku, vibarua, fundi wa umeme, na yule anayefagia chini ya mkanda, maana hakuna anayemkumbuka.

4. Wafanye kazi yao hapo kwa nusu saa, na katoni za kweli zenye uzito wa kweli. Wajaribu na siku mbaya: katoni imekwama, umeme umekatika, mwenzako amekwenda msalani. Wanyapara wakae mbali.

5. Kila kasoro iandikwe, na tajiri ajibu kwa maandishi: hili limerekebishwa, hili halikurekebishwa, na sababu yake ni hii. Kisha mfano urekebishwe na tujaribu mara ya pili. Kuulizwa bila kuona kilichobadilika ni kuchezewa.

6. Karatasi ya mahudhurio iandikwe juu yake, kwa herufi kubwa: HII SI KARATASI YA KUKUBALI.

7. Idadi ya watu watakaofanya kazi katika mashine hiyo itajwe siku ya kwanza.

Ndugu zetu, kazi ya kwanza ni yenu. Kila idara ichague watu wawili kabla ya mkutano, na mmoja wao awe mwanamke. Wasichaguliwe wasemaji hodari tu. Wachaguliwe wenye kuijua kazi. Maboksi yamejaa kiwandani, chaki tutanunua sisi. Tajiri akikataa kutuletea mfano, tutauchora sisi wenyewe nje ya lango wakati wa chakula cha mchana, kwa vipimo vya ramani yake, na kila mtu atasimama mahali pake ajionee.

Siku ya mkutano kunyweni chai, chai haina kosa. Lakini karatasi ikifika mbele yako, kabla hujashika kalamu, uliza kwa sauti: "Boksi liko wapi?"

Umoja ni nguvu.

HALMASHAURI YA TAWI

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.